Kutaja si kukatia bima: nyongeza na mabadiliko ya gari, na namna ya kuchagua

Gari likibadilishwa rimu au kuwekewa spika kubwa, yapo mambo mawili ambayo wenye magari huyachanganya. La kwanza ni kuiarifu kampuni ya bima kwamba kitu kipo. La pili ni kuilipa kampuni hiyo ili kitu chenyewe kifidiwe kikiibwa au kikivunjika. La kwanza ni wajibu, na mara nyingi haliongezi ada, au linaongeza kidogo. La pili ni hiari na lina bei yake.

Anayeyachanganya huumia kwa moja ya njia mbili. Ama ananyamaza kwa kuogopa ada kupanda, ama anataja na kutulia akidhani amelindwa, kumbe kwenye faili lake wameandika tu kwamba taarifa imepokelewa. Msimamo wangu ni huu: taja kila kilichobadilika, lakini katia bima kile tu ambacho kikipotea kesho utakinunua tena.

Nani aliweka, na wapi

Kabla ya kulinganisha njia, panga vitu vyako kwa asili yake, maana kampuni hazivitazami kwa jicho moja.

Nyongeza ya kiwandani ni ile iliyoagizwa kabla gari halijaundwa: paa la kioo, viti vya ngozi, taa za kiwango cha juu, kamera na vihisi vya kuegeshea. Mtengenezaji ameijaribu pamoja na gari zima, kwa hiyo kwa upande wa ajali haimtii mtu hofu. Shida yake ni thamani. Magari mawili ya modeli moja, mwaka mmoja na injini ileile yanaweza kupishana bei kwa kiasi kikubwa kwa sababu ya nyongeza tu, na jina la modeli kwenye fomu halioneshi tofauti hiyo. Usipoieleza, mkadiriaji atalipima gari lako kama lile la kawaida.

Nyongeza ya muuzaji iko katikati, na hapa ndipo ubishi unapozaliwa. Mwenye gari husema, "Nililikuta hivi shoorumu." Kampuni nayo husema kwamba kitu ambacho hakikutoka na gari kiwandani ni mabadiliko, hata kama kilifungwa na muuzaji rasmi siku ya kukabidhi funguo. Ngao ya mbele, keria ya juu ya paa, tinti na ndoano ya kukokotea trela huangukia humu. Tazama ankara ya ununuzi: kilichoandikwa kwenye mstari wake peke yake, na gharama ya ufundi pembeni, kihesabu kuwa cha muuzaji.

Kisha kuna kazi ya gereji, ambayo haina ubishi: hayo ni mabadiliko.

Kundi linalosahaulika ni la vilivyoondolewa. Kung'oa viti vya nyuma ili gari libebe mzigo, kukata sailensa ili mlio ubadilike, kuondoa kichujio cha moshi, yote ni mabadiliko ingawa hakuna kilichoongezwa. Fomu ikiuliza kama gari limetofautiana na lilivyotoka kiwandani, jibu hapo ni ndiyo.

Kampuni inapima nini

Kila kitu kinapitishwa kwenye maswali manne. Je, kinaongeza uwezekano wa ajali? Kinamvutia mwizi? Kinafanya matengenezo yawe ghali? Kinapandisha thamani ya gari? Rimu za aloi hugusa yote manne kwa kiasi fulani. Bodi kiti (seti ya bampa na sketi za mapambo) na spoila hazibadilishi mwendo, lakini bampa la aina hiyo likipasuka halipatikani upesi wala kwa bei ya lile la kawaida. Sabwufa na amplifaya ni suala la wizi. Stika ya mwili mzima inayobadilisha rangi ya gari ni suala la gharama, na mara nyingi pia la usajili, kwa sababu rangi huandikwa kwenye kadi ya gari.

Ninaloliweka juu ya mengine yote ni kuichezea kompyuta ya injini. Kwa nje hakuna kinachoonekana: hakuna bomba jipya, hakuna stika, boneti ni ileile. Lakini nguvu imepanda, wakati breki, gia na matairi ni vilevile vilivyopangiwa nguvu ya zamani. Wenye magari hudhani kwamba kisichoonekana hakijulikani. Baada ya ajali kubwa mkaguzi hutazama zaidi ya bodi, na kompyuta ya gari inaweza kusomwa. Kati ya mabadiliko yote, hili ndilo ambalo kulificha ni kujitafutia balaa, kwa kuwa linagusa moja kwa moja chanzo cha ajali.

Matairi nayo yanastahili dakika mbili. Fungua mlango wa dereva, utazame nguzo ya mlango au ukingo wake; magari mengi yana kibandiko hapo chenye ukubwa wa tairi la kiwandani. Tuseme kimeandikwa 205/55 R16. Maana yake upana wa milimita 205, ukuta wa tairi wenye kimo cha asilimia 55 ya upana huo, na rimu ya inchi 16. Sasa soma kilichoandikwa kwenye tairi lenyewe. Ukikuta 225/45 R17, rimu imekua kwa inchi moja lakini ukuta umefupishwa, hivyo kipenyo cha gurudumu zima kimetoka takriban milimita 632 kwenda 634. Spidomita haitadanganya kwa kiasi cha kutisha, na fundi aliyechagua saizi hiyo anajua kazi yake. Hata hivyo bado ni tofauti na ilivyotoka kiwandani, na bado inatajwa. Fundi angekufungia tairi lenye kipenyo kikubwa zaidi, spidomita ingeonesha mwendo mdogo kuliko unaokwenda kweli, na hapo kampuni ingekuwa na neno.

Njia nne, bega kwa bega

*Kunyamaza.* Faida yake ni moja: ada inabaki ilivyo leo. Hasara zake zinategemea sheria ya mahali na maneno ya mkataba. Mkataba wa bima tangu zamani umejengwa juu ya nia njema kabisa. Kesi inayotajwa sana ni Carter dhidi ya Boehm ya mwaka 1766 huko Uingereza, ambamo Lord Mansfield alieleza kwamba mwenye kukatiwa bima ndiye anayejua habari za hatari, kwa hiyo asimfiche anayeibeba. Wanaoinukuu kesi hiyo kuwatisha wateja husahau kwamba siku ile aliyeshinda alikuwa mwenye kukatiwa bima, si aliyeikata, kwa kuwa upande wa pili ungeweza kuyajua yale mambo wenyewe.

Sheria nyingine zimelainika tangu hapo. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2012, mtu binafsi hadaiwi tena kujitolea kila habari. Anadaiwa kujibu maswali kwa uangalifu wa kawaida. Australia ilichukua mkondo wa namna hiyo mwaka 2021. Kwingineko wajibu wa kujitolea habari ungalipo. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: kwangu mimi, nasubiri kuulizwa, au natakiwa kusema bila kuulizwa? Ukiwa na shaka, sema.

Adhabu nayo ina ngazi. Kilichofichwa kwa makusudi kinaweza kuufanya mkataba uhesabiwe kama haukuwepo kabisa. Kilichosahaulika kwa uzembe, pale sheria inaporuhusu, hupunguza fidia kwa uwiano wa ada: kama ulilipa 60 ilhali ungetajiwa ada ya 80 laiti ungesema ukweli, unapata robo tatu ya dai. Dai la 40 linakuwa 30, na ile 10 unaitafuta mfukoni. Katika nchi nyingi kampuni hulazimika kumlipa mtu wa tatu aliyeumizwa hata kama mkataba wako una dosari, kisha inaweza kukugeukia ili uirudishie. Hilo ndilo deni la kuogopa, maana gharama za hospitali za mtu mwingine hazina uhusiano wowote na bei ya rimu zako. Na fomu ya mwaka unaofuata itakuuliza kama umewahi kufutiwa bima.

*Kutaja tu.* Unaieleza kampuni, inakubali, na mkataba unabaki hai. Ada huenda isibadilike kabisa, hasa kwa tinti iliyo ndani ya sheria, keria au ndoano ya trela. Unachokosa ni fidia ya kitu chenyewe: mikataba mingi ya kawaida hulipa kwa kiwango cha gari la kiwandani. Rimu za spoti zikipinda kwenye ajali, utapewa bei ya rimu za kawaida. Kwa wengi wetu hii inatosha, na ndiyo ninayoipendekeza kwa kila kitu ambacho unaweza kuishi bila hicho.

*Kutaja na kukatia bima.* Hapa unaongeza thamani ya vitu kwenye thamani ya gari iliyoandikwa katika mkataba, na kampuni inakubali kwa maandishi kuvifidia kama vilivyo. Inafaa kwa vitu ghali na visivyokwepeka: vidhibiti vya mkono au mteremko wa kupandishia kiti cha magurudumu kwa dereva mwenye ulemavu, bodi maalumu ya gari la kazi, viti na taa za kiwandani zenye bei kubwa. Ada hupanda. Utatakiwa kuwa na risiti, picha, na pengine ripoti ya mthamini.

Jihadhari na mtego wa uwiano wa thamani. Mkataba ukiwa na kipengele hicho, gari na nyongeza zake vikiwa na thamani ya 20 lakini umekatia bima ya 16 tu, uharibifu wa 5 hautalipwa 5. Utalipwa kumi na sita kwa ishirini ya hiyo tano, yaani 4. Si kila mkataba wa gari una kipengele hiki, na kinapokuwepo huwa kimejificha kwenye kurasa ambazo watu hawazifungui, kwa hiyo kitafute kabla ya kusaini.

Ufundi nao haulipiki kirahisi. Uliyotumia gereji si thamani iliyoingia kwenye gari. Soko hulipa nyongeza kwa bei ya mnunuzi, na mnunuzi mwenyewe huenda hazipendi. Kama nyongeza ni nyingi, uliza kuhusu mkataba wa thamani ya makubaliano badala ya thamani ya soko. Katika thamani ya soko, bei hupangwa siku ya hasara, na mnabishana ukiwa huna gari. Katika thamani ya makubaliano, bei hupangwa siku ya kukata bima, mkiwa na picha na ripoti mezani. Wa pili ni ghali zaidi na hutaka tathmini mpya kila baada ya muda, lakini kwa gari lililojengwa upya ndio wenye maana.

*Kurudisha orijino.* Njia ya nne haizungumzwi sana. Ukiambiwa ada mpya na ukaona haivumiliki, rudisha vya zamani na uarifu kwamba umerudisha. Ndiyo maana rimu na ekzosi ya kiwandani havitupwi wala haviachwi kwa fundi.

Bima ndogo au kubwa

Mwenye bima ndogo, ile ya mtu wa tatu, halipwi kwa gari lake mwenyewe, sembuse kwa spika. Kwake njia ya tatu haipo. Lakini wajibu wa kutaja uko palepale, kwa sababu injini yenye nguvu zaidi inamgonga mtu wa tatu kwa nguvu hizohizo. Mwenye bima inayoongeza moto na wizi atazame kama redio na spika zina kikomo; mikataba mingi huweka kikomo cha fidia ya muziki wa gari, na huviacha nje vitu vinavyochomoleka. Kamera ya dashibodi inayoshikwa kwa mpira wa kunyonya kioo ni kitu cha kuchomoleka.

Kwa ufupi, vitu vya kawaida

| Kitu | Kutaja | Kukatia bima |
|---|---|---|
| Nyongeza ya kiwandani yenye bei | Ndiyo, kwa ajili ya thamani | Ndiyo, kwenye thamani ya gari |
| Rimu na matairi ya saizi nyingine | Ndiyo | Kama ungezinunua tena |
| Kompyuta ya injini, tabo | Ndiyo, kabla ya kufunga | Uliza kwanza kama wanakubali |
| Kushusha au kuinua gari, springi, shokapu | Ndiyo | Mara chache |
| Redio, spika, sabwufa | Ndiyo | Tazama kikomo kwanza |
| Tinti, stika ya mwili mzima | Ndiyo | Kwa kawaida hapana |
| Mfumo wa kuendeshea gari kwa gesi | Ndiyo, pamoja na cheti cha ufungaji | Ndiyo |
| Vidhibiti vya dereva mwenye ulemavu | Ndiyo | Ndiyo, bila kusita |

Kitu kilichokatazwa na sheria ya barabara, kwa mfano taa zinazopofusha wenzako au tinti nzito kuliko kiwango, hakisafishwi kwa kutajwa. Kampuni ikikiandika kwenye faili, haimaanishi askari ataridhika, wala kwamba dai halitaguswa.

Alamu, katauti na traka

Alamu, katauti (swichi ya siri ya kuzuia gari lisiwake) na traka (kifaa cha kulifuatilia gari lilipo) ndizo nyongeza zinazoweza kushusha ada, na kwa sababu hiyo watu huzitaja kwa furaha bila kusoma kinachofuata. Ukishapewa punguzo kwa ajili ya traka, kuwepo kwake kunaweza kugeuzwa sharti la mkataba: iwe imefungwa na fundi anayetambulika, iwe inafanya kazi, na ada yake ya huduma iwe imelipwa. Gari likiibwa mwezi ambao hukulipia huduma, dai la wizi linakuwa na tundu. Linganisha basi punguzo unalopata na gharama ya kuiweka traka hai mwaka mzima. Kama huna hakika utalipia, taja kwamba ipo ukiulizwa, lakini usiombe punguzo kwa ajili yake.

Umwambie nani, na kwa njia gani

Wakala kwa kawaida huiwakilisha kampuni, na dalali wa bima hukufanyia kazi wewe. Tofauti hiyo inakuja kuuma pale ulipomwambia mtu kwa mdomo naye hakuandika: ulichomwambia dalali hakijawa kimefika kwenye kampuni mpaka yeye akifikishe. Fomu ya mtandaoni ni ya haraka, ila baadhi huja na jibu la "hakuna mabadiliko" likiwa limeshachaguliwa, na wewe unabonyeza kuendelea tu. Simu ni nzuri kwa kuuliza, mbaya kwa kuthibitisha. Mimi huona barua pepe inashinda zote, hata kama mazungumzo yameanza kwa simu. Haihitaji lugha ya kisheria:

"Gari langu, namba ya usajili iliyo kwenye mkataba, limebadilishwa hivi: rimu za aloi inchi 17 na matairi 225/45 R17 badala ya 205/55 R16, redio na spika nne mpya, ndoano ya trela. Risiti na picha nimeambatanisha. Naomba mnijibu kwa maandishi: mmekubali? Ada inabadilika? Na vikiharibika mtafidia kwa thamani yake au kwa thamani ya vile vya kiwandani?"

Swali la tatu ndilo linalotenganisha kutaja na kukatia bima. Jibu likija linasema tu "tumepokea", bado hujajibiwa.

Kuhusu wakati, uliza kabla ya kununua. Ukishafunga ekzosi mpya huna tena nguvu ya kupatana. Ukiuliza kabla, ada mpya inakuwa sehemu ya bei ya ekzosi. Usisubiri siku ya kuhuisha bima kama mkataba unasema mabadiliko yaarifiwe mara moja, na mingi husema hivyo. Siku ya kuhuisha, soma tena majibu ya mwaka jana, kwa sababu kampuni huyachukulia kuwa bado ni kweli.

Gari la mkononi, na lini uende kwa kampuni maalumu

Ukinunua gari lililotumika unanunua pia mabadiliko ya wenzako. Usilolijua kwa haki halilingani na ulilolificha, lakini rimu za spoti na gari lililoshushwa hadi linasugua barabara si vitu vya kudai hukuviona. Fanya ule ukaguzi wa kibandiko cha mlangoni, muulize muuzaji kwa ujumbe wa maandishi, na mpe fundi asiyemjua muuzaji alitazame chini.

Kampuni ya kawaida inafaa ukiwa na vitu vichache visivyogusa injini. Vikiwa vingi, au ikianza kukukatalia kimojakimoja, tafuta inayoshughulika na magari yaliyobadilishwa. Ada yake inaweza kuwa juu, na masharti yake kuhusu umri wa dereva, mahali pa kulaza gari na kilomita za mwaka yakawa makali zaidi, lakini hulipa kwa kitu kilichopo na haikurudishi kwenye orodha ya kiwandani. Linganisha bei za pande mbili kwa orodha ileile ya vitu; bei mbili zilizotolewa kwa orodha mbili tofauti hazilinganishiki.

Na ukihamisha rimu au muziki kutoka gari la zamani kwenda jipya, arifu mara mbili: kwa gari lililovuliwa, ili usiendelee kulipia kisichokuwepo, na kwa lililovishwa.